Programu za zamani za kuandika nota na za kuhamia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watunzi, walimu wa kwaya na wapangaji wengi wa muziki wamekaa miaka mingi na programu moja ya kuandika nota. Wameizoea mpaka vidole vinakwenda vyenyewe, kisha wanasikia kwamba imefika mwisho. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao. Msimamo wangu niuseme mapema: toa nota zako kwenye programu ya zamani wakati bado inafunguka. Uamuzi wa kuhamia wapi unaweza kuja baadaye, tena kwa utulivu.

Programu yangu bado inafanya kazi vizuri. Kuna ulazima gani wa kuhama?

Leo hakuna. Ukiwa na kazi ya kukabidhi karibuni, imalizie pale pale ulipozoea.

Shida ya programu iliyoachwa na watengenezaji wake ni kwamba yenyewe inabaki vilevile huku kila kinachoizunguka kinabadilika. Mwaka 2019 Apple walitoa macOS Catalina, mfumo ambao hauendeshi kabisa programu za biti 32, yaani za muundo wa zamani. Mtu aliyekuwa na programu ya nota kama Finale 2014 au Sibelius 6 kwenye Mac, akakubali sasisho bila kusoma, alikuta programu haifunguki tena. Faili zake zilikuwa salama, lakini hakuwa na cha kuzifungulia.

Kwa hiyo kuhama kunaweza kungoja. Kutoa nakala kusingoje.

Finale ilipatwa na nini hasa?

Finale ilitoka mwaka 1988, ikiwa imeandikwa na Phil Farrand kwa kampuni ya Coda, ambayo baadaye ikawa MakeMusic. Kwa miongo kadhaa ilikuwa miongoni mwa nguzo za uchapaji wa muziki duniani. Tarehe 26 Agosti 2024 MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena wala kuiuza. Toleo la mwisho ni la 27. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba mamilioni ya mistari ya kodi (maagizo ambayo programu imeandikwa kwayo) yalikuwa yamerundikana, na kuongeza chochote kipya kulikuwa kunazidi kuwa kugumu. Wakati huohuo iliingia makubaliano na kampuni ya Steinberg ili watumiaji wa Finale waipate programu yake ya nota, Dorico, kwa bei iliyopunguzwa.

Tangazo la kwanza lilisema pia kwamba baada ya mwaka mmoja isingewezekana tena kuidhinisha Finale, yaani kuthibitisha leseni yake, kwenye kompyuta mpya. Watumiaji walipiga kelele, kwa haki kabisa, na kampuni ikalegeza msimamo. Hata hivyo jambo moja halijabadilika: uidhinishaji unategemea seva ya mtu mwingine. Usifute diski ya kompyuta yenye Finale iliyoidhinishwa kabla hujatoa kazi zako zote.

Je, Sibelius nayo imeachwa?

Hapana. Wengi huchanganya habari kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2012. Sibelius ilianzishwa na mapacha wa Kiingereza, Ben na Jonathan Finn, na ilitoka mwaka 1993 kwa ajili ya kompyuta za Acorn. Kampuni ya Avid iliinunua mwaka 2006, kisha mwaka 2012 ikafunga ofisi ya London ilikokuwa timu yenyewe. Steinberg wakaichukua timu hiyo, na kazi yao ikatoka Oktoba 2016 kwa jina la Dorico. Avid wakaendelea na Sibelius kwa watu wengine, na inaendelea kutoa matoleo mapya.

Ukiwa na Sibelius ya zamani sana, ushauri ni uleule wa Finale. Kumbuka tu kwamba uwezo wa kutoa MusicXML (aina ya faili inayosomwa na programu nyingi, nitaieleza hapa chini) bila programu ya nyongeza ulianza na Sibelius 7, ya mwaka 2011.

Nina folda imejaa faili za miaka mingi. Nitajuaje kila moja ilitoka wapi?

Tazama herufi za mwisho za jina la faili. `.mus` ni Finale hadi toleo la 2012, na `.musx` ni Finale kuanzia 2014. `.sib` ni Sibelius, `.enc` ni Encore, `.nwc` ni NoteWorthy Composer, `.mscz` ni MuseScore, `.dorico` inajieleza. `.xml`, `.musicxml` na `.mxl` kwa kawaida ni MusicXML, na hizo ziko salama tayari.

Faili za Mac za zamani sana mara nyingi hazina herufi hizo za mwisho kabisa. Zinaonekana kama karatasi nyeupe isiyo na mwenyewe. Ukijua zilitoka Finale, ongeza `.mus` mwishoni mwa jina, kisha jaribu kuzifungua ndani ya Finale.

Jambo jingine la kukuokolea muda: kabla ya Finale 2007, karatasi za kila ala zilitolewa kama faili za pekee, zikakaa kando ya faili kuu. Ukikuta folda ina faili ishirini za wimbo mmoja, kwa kawaida unachohitaji kuhamisha ni ile yenye sauti na ala zote. Karatasi za ala utazitoa upya ndani ya programu mpya, na zitakuwa nzuri zaidi.

MusicXML ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni namna ya kuandika muziki kwenye faili la maandishi ambalo programu nyingi zinaweza kulisoma. Michael Good aliibuni kwenye kampuni yake ya Recordare, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2004. Recordare ikanunuliwa na MakeMusic mwaka 2011, na tangu 2015 kiwango hicho kimekuwa mikononi mwa kikundi cha nota cha W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Toleo la 4.0 ni la 2021. Maana yake kwa mtumiaji ni kwamba kampuni moja ikifunga milango, MusicXML haifi nayo.

Faili la MusicXML linajua kwamba nota hii ni C shapu na si D flati, kwamba ni robo yenye nukta, kwamba iko kwenye sauti ya pili, kwamba chini yake kuna silabi fulani ya ubeti wa tatu. Huo ndio muziki wenyewe. Lisichokibeba vizuri ni sura: mahali hasa ulipovuta neno kidogo kushoto, ukubwa wa nafasi kati ya mistari, namna ulivyopanga kurasa.

Kwa nini nisitoe MIDI tu? Kila programu inaifungua.

Kwa sababu MIDI, iliyoanza mwaka 1983, ilitengenezwa ili vyombo vya umeme vizungumze. Inajua ni kitufe kipi kimebonyezwa, lini, na kwa nguvu gani. Kwenye MIDI, C shapu na D flati ni kitufe kimoja chenye namba moja, kwa hiyo programu inayopokea inabahatisha. Maneno ya wimbo mara nyingi hupotea, tao zinazounganisha nota hupotea, na kama soprano na alto zilikuwa kwenye stafu moja, utazikuta zimeganda pamoja kama akordi. MIDI ni ya kukimbilia pale MusicXML inaposhindikana.

Nitatoaje faili nyingi kwa mkupuo?

Kwenye Finale 27 nenda menyu ya File, kisha Export. Humo kuna chaguo la kutafsiri folda nzima kuwa MusicXML: unaionyesha folda, inapita faili moja baada ya nyingine. Sibelius ina programu-jalizi za kugeuza folda nzima pia.

Nakusihi usiishie kwenye MusicXML pekee. Kwa kila kazi weka vitu vitatu pamoja: faili la asili, MusicXML, na PDF. PDF ndiyo shahidi wako. Siku utakapofungua MusicXML kwenye programu mpya na kuona kitu hakiko sawa, PDF itakuonyesha kilivyokuwa. Bila hiyo utabaki ukijiuliza kama ile fermata ilikuwepo tangu mwanzo.

Kisha weka nakala ya folda hiyo sehemu mbili zisizokaa pamoja, kwa mfano diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni.

Nimefungua MusicXML kwenye programu mpya na ukurasa umevurugika. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Hivyo ndivyo inavyokuwa, na mara nyingi vurugu ni ya juu juu. Nina utaratibu ninaoupendekeza kwa kila mtu: kwanza kagua muziki, kisha ndipo uguse sura. Anayeanza kusogeza vitu kabla ya kuhakikisha nota zote ziko sawa hufanya kazi mara mbili.

Sehemu zinazosumbua zaidi ni hizi. Ngoma na ala nyingine za midundo: kila programu ina ramani yake ya mstari gani ni chombo gani, na ramani hizo hazifanani. Nota zilizofichwa, ambazo ulizificha ili sauti ya kompyuta ipige unavyotaka, zinaweza kurudi zikionekana. Maagizo kama D.C. al Fine huenda yakaja kama maandishi ya kawaida, yakasomeka vizuri kwenye karatasi lakini programu isirudi mwanzo inapopiga. Stafu yenye sauti mbili huja na vipumziko vya ziada. Na matao marefu yanayovuka kutoka mstari hadi mstari huweza kupinda vibaya.

Halafu kuna lile la fonti. Watu waliozoea Finale walikuwa wakiandika alama za nguvu ya sauti kwa fonti za muziki kama Petrucci na Maestro. Ndani ya fonti hizo, herufi ya kawaida kwenye kibodi ilichora alama ya muziki. Maandishi hayo yakifika kwenye programu isiyo na fonti ile, unaona herufi ya ajabu katikati ya ukurasa, labda F kubwa iliyosimama peke yake pale palipokuwa na mezzo-forte. Hakuna kilichoharibika, futa herufi hiyo na uweke alama halisi ya programu mpya. Programu za sasa zimekubaliana juu ya mpangilio mmoja wa fonti za muziki unaoitwa SMuFL, ulioanzia Steinberg, na Finale yenyewe iliupokea kwenye toleo la 27. Ukiwa na toleo hilo, fungua faili humo kwanza, badilisha fonti, ndipo utoe MusicXML. Utapunguza kero hiyo sana.

Wimbo wa kwaya wa sauti nne wenye kinanda kwa kawaida hupita karibu mzima. Kazi ya okestra yenye ngoma na maelezo mengi itataka kukaa nayo.

Maneno ya Kiswahili yanahama salama?

Yakiwa yameandikwa kwa zana ya programu ya kuandikia maneno ya wimbo, ndiyo. Kama uliyaandika kwenye visanduku vya maandishi ukavivuta mpaka vikakaa chini ya nota, hapana. Hayo yatafika kama vipande vya maandishi vinavyoelea, na itabidi uyaandike upya. Ni vyema ulijue hilo mapema ukapanga muda.

Kagua mambo mawili hasa. La kwanza ni mgawanyo wa silabi. Programu zinazogawa silabi zenyewe unapobandika ubeti mzima zimefundishwa lugha chache, na Kiswahili huzivunja. “Mtakatifu” ni M-ta-ka-ti-fu, M ikiwa na nota yake, na “nchi” ni n-chi. Lakini “Mungu” ni Mu-ngu, na “mbinguni” ni mbi-ngu-ni. Gawa mwenyewe kwa vistari kabla ya kubandika. La pili ni kile kikoma cha juu kwenye ng'. Faili za zamani sana zilitumia usimbaji tofauti wa herufi, kwa hiyo “ng'ambo” na “ng'ara” huweza kufika na alama ngeni katikati. Tafuta na ubadilishe.

Pale silabi mbili zinapoimbwa kwenye nota moja, kama “wa-i-” inapobanwa pamoja, usiache tu nafasi ya kawaida, kwani nafasi inakuhamishia nota inayofuata. Kwenye MuseScore bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi, silabi zote mbili zitabaki chini ya nota moja.

Nimenunua kompyuta mpya na programu ya zamani haikubali kuingia. Nifanyeje?

Kama kompyuta ya zamani bado inawaka, irudie hiyo. Ndiyo njia fupi kuliko zote.

Kama haipo, unaweza kutengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwa programu kama VirtualBox, ukasakinisha ndani yake Windows ya wakati huo, kisha programu yako. Mtumiaji wa Linux anaweza kujaribu Wine, inayoendesha programu za Windows. Zote zinahitaji uwe na diski au faili la kusakinishia, namba yako ya leseni, na kwa programu nyingi, seva ya uidhinishaji iliyo hai. Njia nyingine ni kumtafuta mwenzako mwenye toleo jipya linalofunguka. Finale 27, kwa mfano, inasoma faili za `.mus` za miaka mingi nyuma, na mtu mmoja mwenye nayo anaweza kukugeuzia folda nzima kwa kikao kimoja.

Faili zimepotea, nimebaki na karatasi. Kuna matumaini?

Yapo. Kuna programu zinazosoma picha ya nota na kuigeuza kuwa MusicXML. Audiveris ni ya bure na kodi yake iko wazi. PhotoScore na SmartScore ni za kulipia. Karatasi iliyochapwa na kupigwa skani vizuri, imelala sawa, hutoa matokeo ya kufanyia kazi. Mwandiko wa mkono ni shida. Kwa wimbo mfupi wa kurasa mbili, mwandishi mwepesi atamaliza kuuandika upya kabla aliyepiga skani hajamaliza kusahihisha.

Basi nihamie ipi?

Kwa mwalimu wa kwaya, mtunzi wa nyimbo, mwanafunzi, au yeyote asiyelipwa kwa uchapaji wa nota, jibu langu ni MuseScore Studio. Ni ya bure kabisa, inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na tangu toleo la 4 la Desemba 2022 ubora wa ukurasa wake umepanda sana. Fonti yake inaitwa Leland, kwa heshima ya Leland Smith, profesa wa Stanford aliyeandika SCORE, moja ya programu za kwanza kabisa za uchapaji wa muziki. Kinachonifanya niipendekeze bila kusita ni kwamba kodi yake iko wazi. Hata waliopo leo wakiondoka, wengine wanaweza kuiendeleza.

Anayeandalia okestra, anayechapia wachapishaji, au mwenye kazi zenye sehemu nyingi ndani ya kitabu kimoja atapata zaidi kwenye Dorico. Inatenganisha hatua ya kuandika na hatua ya kupamba ukurasa, na kazi ya karatasi za ala inaifanya vizuri mno. Ukisahau pigo moja katikati, unaliingiza na kila kinachofuata kinasogea na kujipanga upya kwenye baa zake, nota zinazovuka zikigawanywa na kuunganishwa inavyopasa. Inadai ujifunze mawazo yake kwanza, na wiki za mwanzo ni ngumu. Lipo toleo la bure lenye mipaka, Dorico SE. Jaribu hilo kabla ya kulipa.

Sibelius ichukue kama watu unaoshirikiana nao wanaitumia. Kubadilishana faili bila kugeuza ni faida kubwa.

LilyPond ni ya aina yake. Huchori kwa kipanya. Unaandika maandishi, nayo inachora. `c'4 d'4 e'2` ni robo mbili na nusu moja kuanzia C ya kati. Ni ya bure, ilianza mwaka 1996, na ukurasa wake ni mzuri ajabu. Faili lako ni maandishi matupu yanayosomeka popote. Si kila mtu ataipenda, lakini anayeipenda haondoki.

Vidole vyangu vimezoea namba za Finale. Nitaanza upya?

Kidogo. Kwenye Speedy Entry, njia ya Finale ya kuingiza nota kwa kibodi, robo ni 5 na nusu ni 6. MuseScore inatumia namba hizohizo. Dorico imepanda hatua moja, robo ni 6. Sibelius robo ni 4 kwenye vitufe vya namba vya pembeni. Tofauti kubwa zaidi ni mpangilio: Speedy ilikupeleka kwanza kwenye mahali pa nota kisha ukaipa urefu, ilhali hizi nyingine kwa kawaida unachagua urefu kwanza. MuseScore na Dorico zinakuruhusu kubadilisha vitufe kwenye mipangilio, lakini ningeshauri uvumilie vya asili. Maelekezo yote utakayosoma yanavitaja hivyo.

Nimepakua MuseScore, mbona nadaiwa malipo?

Umeingia mlango mwingine. Programu iko musescore.org na haina malipo. Musescore.com ni maktaba ya nota zinazowekwa na watu, yenye huduma za kulipia, na huko ndiko kupakua nota huweza kudai usajili. Huhitaji kulipa huko ili kuandika, kuchapa wala kutoa PDF.

Kwaya yangu inasoma solfa. Kuna programu inayoandika solfa?

Kwa d : r : m zenye nukta mbili na mistari yake, programu hizi kubwa hazina njia ya moja kwa moja. Wengi huiandika solfa kama ubeti wa maneno juu au chini ya nota, na hilo linahama kwenye MusicXML kama ubeti mwingine wowote. Hakikisha tu namba ya ubeti ni ileile kwenye wimbo wote, la sivyo baadhi ya baa zitaonyesha solfa mahali pa ubeti wa pili. MuseScore inaweza pia kuonyesha do, re, mi ndani ya vichwa vya nota, jambo linalowasaidia wanaojifunza kutoka solfa kwenda stafu.

Nikishahamisha kila kitu, nifute programu ya zamani?

Usiifute. Iache ilipo, na ikiwezekana zima masasisho makubwa ya mfumo kwenye kompyuta hiyo. Faili za asili nazo zitunze hata baada ya MusicXML kukubali. Utakuta kazi moja uliyoisahau, kwa kawaida kwenye diski usiyoidhania, na utahitaji mahali pa kuifungulia.